Kabla ya Kununua Mtambo wa Ujenzi: Makosa Yanayogharimu na Jinsi ya Kuyaepuka

Ujenzi ni kazi inayowalisha wakazi wengi wa Kaunti ya Kakamega. Nyumba za kupangisha zinachipuka mjini Kakamega, Mumias, Malava na Butere, maduka yanajengwa kando ya barabara kuu ya Kisumu–Kakamega–Webuye, na barabara za wadi zinawekwa murram na kujengewa mitaro. Kwa sababu hiyo, vikundi vya vijana, vyama vya akina mama, mafundi na wakandarasi wadogo wanazidi kutamani kuwa na mitambo yao wenyewe: mikisa ya kuchanganya saruji, mashine za kufyatua matofali, mashine za kushindilia udongo, trekta, na kwa wenye uwezo zaidi, ekskaveta na greda.

Mtambo ukinunuliwa vizuri huinua mapato ya mwenyewe. Ukinunuliwa vibaya, hubaki chini ya mwembe huku mkopo ukiendelea kulipwa. Makosa mengi hutokea kabla pesa hazijatoka mfukoni, na ndipo pia yanapoweza kuzuiwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyachunguza, hatua kwa hatua.

Je, kazi ipo ya kutosha?

Kosa la kwanza ni kununua mtambo kwa ajili ya kazi moja. Kikundi kinapata kandarasi ya miezi mitatu, kinakopa na kununua, kisha kandarasi inakwisha na mtambo unakosa kazi. Swali la kwanza basi linahusu siku za kazi: mtambo utafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Bei huja baadaye.

Chukua mfano wa mikisa. Tuseme bei yake ni Sh180,000, na kukodi ya aina hiyo hugharimu Sh3,500 kwa siku. Mwenye mashine yake ataokoa hiyo Sh3,500, lakini atalazimika kuweka kando kama Sh500 kwa kila siku ya kazi kwa ajili ya matengenezo. Faida halisi ni Sh3,000 kwa siku. Ukigawa Sh180,000 kwa Sh3,000, unapata siku 60. Kikundi kinachomwaga zege siku 15 kwa mwaka kitahitaji miaka minne kurudisha pesa hizo, na hapo mashine itakuwa imeanza kuchoka. Kikundi chenye siku 60 za kazi kwa mwaka kitarudisha pesa ndani ya mwaka mmoja. Kila mnunuzi aweke bei za mahali pake katika hesabu hii kabla ya kuamua.

Hesabu ya mtambo mkubwa hufanywa kwa saa. Tuseme ekskaveta imenunuliwa kwa mkopo unaolipwa Sh250,000 kila mwezi, na baada ya kutoa dizeli na malipo ya dereva, kila saa ya kazi inabakiza Sh2,000. Ni lazima ifanye kazi saa 125 kwa mwezi ili kulipa mkopo tu. Kwa saa nane kwa siku, hizo ni karibu siku 16, kabla ya kununua hata chujio moja la oili.

Hapa mvua ya Kakamega ni lazima iingie katika hesabu. Kaunti hii hupata mvua ya kati ya takriban milimita 1,280 na 2,214 kwa mwaka, na miezi ya Machi hadi Mei huwa ya matope. Kazi ya udongo husimama, lakini benki haisimami. Anayepanga marejesho ya mkopo kana kwamba miezi yote 12 ni ya kiangazi anajipangia matatizo.

Zabuni hazidai kila mtambo uwe wako

Wakandarasi wadogo wengi hukimbilia kununua kwa kuamini kwamba bila kumiliki mtambo hawawezi kupata kazi ya serikali. Sivyo. Hati sanifu za zabuni za ujenzi nchini huwa na fomu ya mitambo ambamo mzabuni hueleza kama mtambo ni wake au ni wa kukodi. Mara nyingi, mkataba wa kukodi uliotiwa saini na mwenye mtambo, pamoja na nakala za hati za umiliki, unatosha. Jambo la muhimu ni kusoma masharti ya kila zabuni kwa makini.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya nafasi za zabuni kwa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Vikundi vinavyoanza chini ya mpango huo vinaweza kukodi kwa kazi mbili au tatu za kwanza, kujifunza ni mtambo upi unaohitajika zaidi, kisha kununua huo. Vikumbuke pia kwamba malipo ya kandarasi huja baada ya kazi kukaguliwa na kuidhinishwa. Mkopo unaoanza kulipwa mwezi unaofuata hauwezi kutegemea malipo ambayo tarehe yake haijulikani.

Mashine ilingane na kazi, udongo na umeme

Kosa la pili ni kununua mashine nzuri isiyofaa kazi iliyopo.

Tuanze na mikisa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, mfuko mmoja huhitaji lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Jumla ni lita 245 za vifaa vikavu. Mikisa isiyoweza kupokea kiasi hicho italazimisha mafundi kugawa mfuko kwa kukadiria, na hapo ndipo zege hutoka dhaifu upande mmoja na kali upande mwingine. Mnunuzi aulize pipa linapokea lita ngapi za vifaa, wala si ukubwa wa pipa lote peke yake, kwa kuwa pipa halijazwi pomoni.

Mashine za kushindilia nazo hutofautiana. Ile ya bamba linalotetemeka hufaa mchanga, kokoto na murram. Kwenye udongo wa mfinyanzi haifiki mbali; pale inahitajika mashine inayotwanga kama mchi, au rola yenye meno kwa kazi kubwa. Kikundi kinachofanya kazi mahali penye mfinyanzi kisinunue bamba kwa sababu tu ni rahisi.

Kwa mashine za matofali ya intaloki, udongo upimwe kwanza. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka unapokauka, na wenye mchanga mwingi haushikamani. Kipimo rahisi hufanywa kwa chupa inayoonyesha ndani: weka udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha acha itulie hadi siku ya pili. Mchanga hukaa chini, udongo laini katikati, na mfinyanzi juu. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene sana, udongo utahitaji kuchanganywa na mchanga, na gharama ya kuuleta mchanga huo iingizwe katika bei ya kila tofali. Ni afadhali kufahamu hilo kabla ya kununua mashine kuliko baada ya kufyatua matofali elfu moja yenye nyufa.

Umeme pia umewaponza wengi. Nyumba nyingi vijijini zina umeme wa njia moja wa volti 240, lakini mota nyingi kubwa hutaka umeme wa njia tatu wa volti 415. Kuletewa laini ya njia tatu ni gharama ya ziada. Mashine iliyotoka Marekani huwa imetengenezwa kwa volti 120 na mzunguko wa hezi 60, ilhali Kenya hutumia hezi 50. Ikichomekwa hivi hivi inaweza kuungua. Mnunuzi asome kibao kilicho kwenye mota kabla ya kulipa.

Wanaonunua jenereta au injini zisizo na tabo wakumbuke pia mwinuko. Sehemu za kaunti hii ziko kati ya takriban mita 1,240 na 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya aina hiyo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Jenereta inayotosha barabara Mombasa inaweza kulemewa Kakamega. Ni busara kununua yenye nguvu iliyozidi mahitaji kidogo.

Kukagua mtambo uliotumika

Mitambo mingi mikubwa inayouzwa nchini imeshatumika. Hilo si baya, bora ikaguliwe mchana, mahali pakavu, na fundi ambaye hajaletwa na muuzaji. Malipo ya fundi kwa siku moja ni kidogo sana yakilinganishwa na bei ya pampu ya haidroliki. Mambo yafuatayo hayafai kurukwa:

• Injini ianze ikiwa baridi. Mnunuzi aiguse kabla ya kuwashwa. Ikiwa tayari ina joto, huenda muuzaji amefika mapema kuficha ugumu wa kuwaka.

• Rangi ya moshi. Moshi mweusi usiokoma huashiria shida ya mafuta au hewa. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto unaweza kuwa wa nozeli mbovu au maji yanayoingia ndani ya injini.

• Oili. Oili inayofanana na chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

• Mita ya saa. Isomwe pamoja na dalili nyingine. Mita inayoonyesha saa chache kwenye mtambo wenye pedali zilizolika, kiti kilichochakaa na pini zilizolegea haisemi kweli.

• Mikono ya haidroliki. Vyuma vinavyong'aa vya silinda visiwe na mikwaruzo wala kuvuja. Inua ndoo juu, zima injini na usubiri dakika chache, bila mtu yeyote kusimama chini yake. Ikishuka yenyewe haraka, kuna uvujaji ndani.

• Minyororo na magurudumu yake. Kwa mtambo wa kutambaa kwa minyororo, sehemu ya chini inaweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za matengenezo. Meno yaliyochongoka na mnyororo uliolegea ni bili inayosubiri.

• Rangi mpya. Rangi inaweza kuficha nyufa na mahali palipochomelewa, hasa kwenye mkono wa kuchimbia na chini ya fremu.

• Majaribio ya kazi. Mtambo uchimbe, uinue, ugeuke na upande kilima kwa muda usiopungua nusu saa. Kuuona ukinguruma papo hapo ulipoegeshwa si jaribio.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ni spea. Kabla ya kununua, mnunuzi apige simu kwenye maduka matatu ya Kakamega, Kisumu au Eldoret na kuuliza bei ya chujio, mkanda na silinda ya mtambo huo. Iwapo hakuna anayeijua aina hiyo, bei nafuu ya leo itarudi kama wiki za kungoja spea kesho.

Karatasi zisiachwe nyuma

Mtambo unaweza kuwa mzima wa chuma na mbovu wa hati. Kisheria, mtu asiye na haki ya mali hawezi kumpa mwingine haki hiyo kwa kuiuza. Ukinunua mtambo wa wizi, mwenyewe anaweza kuuchukua na pesa zako zikapotea.

Mitambo inayojiendesha husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Mitambo mizito huwa na namba zinazoanza na KHMA, na trekta zinazoanza na KT. Kupitia eCitizen, mnunuzi anaweza kufanya utafutaji wa namba hiyo na kupata jina la mmiliki aliyesajiliwa. Jina hilo lilingane na kitambulisho cha anayeuza au cheti cha kampuni, na namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizogongwa kwenye mtambo wenyewe. Kibao cha chesisi chenye riveti mpya kwenye mtambo wa zamani kinahitaji maelezo.

Utafutaji wa pili husahauliwa na wengi. Chini ya Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, benki, sacco na wakopeshaji wengine huandikisha mali iliyowekwa dhamana katika sajili maalumu. Mashine ndogo isiyo na namba ya usajili, kama mikisa au jenereta, nayo inaweza kuwa dhamana. Anayenunua bila kuangalia sajili hiyo anaweza kugongewa mlango na wakala wa kukusanya madeni.

Wasio na intaneti nyumbani wanaweza kusaidiwa kutumia eCitizen katika Huduma Centre mjini Kakamega.

Kwa mashine mpya, mnunuzi adai ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa ushuru wa mapato. Bei "bila risiti" inaweza kuonekana nafuu dukani na kuwa ghali mwisho wa mwaka, tena inamwacha mnunuzi bila ushahidi wa udhamini.

Anayeagiza kutoka nje

Bei inayotangazwa na muuzaji wa Japani, Uchina au Dubai si bei ya kufikisha mtambo Kakamega. Ongeza nauli ya meli na bima, ushuru wa forodha, ada za uagizaji, VAT ya asilimia 16 inapohusika, ada za bandari ya Mombasa, malipo ya wakala wa forodha na usafiri hadi hapa. Bidhaa nyingi pia hutakiwa kukaguliwa kabla ya kusafirishwa chini ya mpango wa Shirika la Viwango nchini, KEBS. Mtambo uliofika bandarini bila hati zinazotakiwa hutozwa gharama za kuhifadhiwa kila siku. Mnunuzi apate makadirio ya maandishi kutoka kwa wakala aliyesajiliwa na KRA kabla ya kutuma pesa nje.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Mtambo wa minyororo hautembei kutoka Lugari hadi Khwisero. Unahitaji lori bapa la kubebea mitambo, na mzigo uliozidi vipimo vya kawaida hutaka kibali kabla ya kupita barabara kuu. Kazi ndogo zilizotawanyika zinaweza kumaliza faida yote kwenye usafiri.

Dereva wa mtambo awe na leseni ya daraja G, ambalo ni la mitambo ya viwanda, ujenzi na kilimo. Mafunzo hupatikana katika Taasisi ya Barabara Kuu na Teknolojia ya Ujenzi, KIHBT, ambayo ina kampasi Kisii. Dereva asiyefunzwa ndiye spea ghali kuliko zote, na anaweza kuua. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Winchi na vifaa vingine vya kuinulia mizigo vinapaswa kukaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo. Mtambo unaopita barabarani unahitaji bima ya gari.

Mkataba kwanza, malipo baadaye

Tangazo la picha nzuri na bei ya chini, likifuatwa na ombi la kutuma "kidogo cha kushikilia", ni mbinu ya kawaida ya walaghai. Pesa zisitumwe kwa mtambo ambao hakuna aliyeuona kwa macho. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye hati za umiliki, wala si kwa simu ya broka.

Mkataba uandikwe hata kama muuzaji ni jirani. Utaje namba ya chesisi, bei, kiasi kilicholipwa, tarehe ya kukabidhi, vifaa vinavyoandamana na mtambo, na nani atagharamia usafiri. Salio kubwa libaki hadi uhamisho wa umiliki uanzishwe katika mfumo wa NTSA. Kwa mashine mpya, udhamini ueleze ni sehemu zipi, kwa muda gani au saa ngapi, na fundi atatoka wapi. Udhamini unaomtaka mnunuzi arudishe mashine Nairobi kwa gharama yake una thamani ndogo.

Katika vikundi, mtambo usajiliwe kwa jina la kikundi, na daftari la saa za kazi, dizeli na matengenezo liwekwe tangu siku ya kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vikundi vingi huvunjika kwa kutiliana shaka hata pale mtambo wenyewe ukiwa mzima.

Mambo yakiharibika

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humlinda mnunuzi kwa kiasi, lakini aliyekagua mali atapata shida kudai juu ya dosari ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ndiyo sababu ukaguzi wa juujuu ni hatari. Madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambapo si lazima kuwa na wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Palipo na ulaghai, taarifa itolewe mara moja kwa polisi au DCI, pamoja na ujumbe wa simu, stakabadhi za malipo na mkataba.

Maswali kumi kabla ya kulipa

1. Mtambo utafanya kazi siku ngapi kwa mwaka, ukiondoa miezi ya mvua?
2. Kukodi kungegharimu kiasi gani kwa siku hizo?
3. Je, unafaa udongo, kazi na umeme uliopo?
4. Fundi huru ameukagua na kuujaribu?
5. Spea zinapatikana Kakamega, Kisumu au Eldoret?
6. Jina kwenye usajili ni la muuzaji?
7. Sajili ya dhamana imeangaliwa?
8. Usafiri, bima na dereva vimeingizwa kwenye hesabu?
9. Mkataba umeandikwa na kutiwa saini?
10. Mkopo utalipwaje kazi ikikosekana miezi miwili?

Swali lolote likikosa jibu, malipo yasubiri. Wakazi wanaohitaji maelezo zaidi wanaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi, ambako wataelekezwa kwa maafisa wa barabara na ujenzi wa umma katika kaunti ndogo yao.